Sekunde Thelathini na Nane

Dirisha langu la tiketi lina upana wa sinia.
Miaka ishirini na miwili nimeuona mji huu kwa vipande:
mkono wenye glavu, mkono wa mtoto ulionata peremende,
mkono usio na kidole cha shahada
(mgodi ulikichukua).
Mikono nikaijua kuliko nyuso.

Msimu uliopita Iyán, mpwa wa katibu,
alipanda mlingoti wa taa na kamera
ndogo kama kichwa cha paka.
"Shangazi Erundina, sasa dunia nzima itatuona."
Nikamuuliza: hiyo dunia nzima
inakuja na miavuli yake, au niazime?

Sisi ni daraja la tano.
Chini yetu kuna la sita, kisha matope.

Jumapili ya kwanza niliuza tiketi mia mbili na kumi.
Novemba, mia na thelathini.
Februari, mvua ya kupiga mashavu, arobaini na moja,
na soseji za Maruja zikakauka juu ya makaa
hadi akamgawia mbwa wa kocha.
Haba na haba, wanasema.
Kibaba chetu kina tundu,
na tundu lenyewe lina lenzi.

Belarmino anakaa ng'ambo ya barabara, ghorofa ya tatu.
Akitaka, angemtemea golikipa wetu mbegu za tufaha.
Mwenye macho haambiwi tazama;
Belarmino ameshusha pazia
ili mwanga usimsumbue kwenye skrini.

Picha huchelewa. Iyán amepima:
sekunde thelathini na nane.
Sisi wachache tunashangilia, tunanyamaza,
mpira unarudishwa kati, mtu anafunga kamba za kiatu,
ndipo bonde zima linalipuka, nyumba kwa nyumba,
kama mtu aliyeuelewa utani
wenzake wakiwa wameshaondoka.
Na Belarmino, ambaye kelele zetu humfikia ukutani,
huketi akilingoja goli analolijua tayari,
kama barua ambayo jirani ameshakusimulia.

Sitasema uongo: pesa ziliingia.
Yuro nne kutoka Liège, nne kutoka Rosario,
za watu ambao babu zao wamelala nyuma ya jukwaa letu.
Tukanunua nyavu. Tukalipa deni la maji ya moto.
Nel, winga wetu, akaniambia akikausha nywele:
"Zamani nikikosa, walinitukania mama.
Sasa nikikosa, nasikia mvua."

Mei, siku ya kubaki au kushuka,
intaneti ikakatika.
Robo saa haijapita, mkono ukaingia dirishani,
ule usio na kidole.
"Nimeshalipia kwenye simu," akasema Belarmino,
ndara za nyumbani miguuni.
"Pita," nikamwambia. "Ila huku hakuna marudio."

Akasimama nyuma ya goli. Simu ikatetema: picha imerudi.
Naapa, aliitoa akaiinamia,
hatua tano kutoka kwenye nyasi.
Nel akafunga.
Belarmino akashtuka, akainua kichwa, akapiga kelele;
na sekunde thelathini na nane baadaye
akapiga tena, peke yake.

Tulishuka hata hivyo. Moja kwa mbili.

Iyán alipotaka kuzima, ujumbe ukaja kutoka Liège,
mtu aitwaye Senén, sijui wa ukoo gani:
*Tafadhali geuzeni kidogo kushoto. Pana mnara wa mgodi.*
Basi, hakuongeza neno.
Iyán akanitazama. Nikasema, geuza.

Mnara. Wingu. Shuka ya mtu kwenye kamba.
Watazamaji mia tatu wakawa tisa.
Nikahesabu sarafu zangu, nikakosea, nikarudia,
na wale tisa walikuwa bado wapo
wakitazama mahali pasipotokea kitu.

Kisha tone likanipiga mkononi.
Kule kwao bado palikuwa pakavu,
kwa sekunde thelathini na nane.